Kisu cha Springi ya Sekenke

Kijiwe chetu kiko mbele ya banda langu la baiskeli, hatua chache kutoka stendi ya Singida Mjini, na nikisema chetu nasema kwa heshima tu, maana benchi ni langu na misumari nilipigilia mwenyewe. Mwaka huu wa 1993 maduka yamejaa. Miaka kumi nyuma ungezunguka mji mzima ukitafuta wembe ukarudi na ndevu zako; sasa visu vya nje vinaning'inia kwenye kila mlango vikimeta. Watu nao wamejaa barabarani tangu asubuhi, kwa sababu mashirika yanafungwa na wafanyakazi wanapunguzwa, na mtu aliyepunguzwa lazima akae mahali. Wanakaa kwangu. Abdulkadiri alileta jiko lake la mkaa, birika la kahawa na sahani ya kashata. Othmani mwenye duka tulimwita Daktari, kwa kuwa kabla ya biashara alifagia wodi za hospitali miaka mitano. Gasto, karani wa zamani, alikuwa Bunge, na sababu utaisikia akifungua mdomo. Mimi naitwa Spoku. Jina langu la kanisani ni Philipo lakini nimeanza kulisahau.

Wa mwisho alikuwa Dereva, yaani Antipasi, mtu mrefu, mpole, aliyeendesha lori la shirika miaka kumi na saba. Huyu ndiye alikuwa mwindaji wa kweli kati yetu. Alikuwa na gobori lake na leseni yake ya digidigi na swala, ameifunga kwenye nailoni isiloane. Leseni ya mwaka uliopita ilikwisha bila kuua hata kanga. Ya mwaka wa nyuma yake vilevile. Ukimuuliza anasema kisu chake kimekwisha, na kweli kilikwisha, kilinolewa hadi kikabaki na upana wa kidole kidogo. Basi sisi tukawa tunamsaidia kuchagua kingine. Miaka miwili tulimsaidia.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, na ule upepo wetu wa baridi unaotia vumbi machoni, alifika na mfuko wa sandarusi, akatoa vyuma vitatu akavipanga juu ya benchi: bapa la springi ya lori lililovunjika, tupa kuukuu ndefu, na beringi kubwa ya basi.

Antipasi: Mughwai ameleta salamu. Macho yanamwishia. Watu wananunua majembe ya dukani, visu vya dukani, mwisho wa mwezi anafunga kiwanda na kuhamia kwa mwanawe Babati. Kimebaki kisu kimoja cha kufua, na amesema ni changu. Nipeleke chuma kimoja. Basi la Kinyangiri linaondoka saa nne.

Mughwai ndiye mhunzi wa Kinyangiri aliyemfulia hata kile cha kwanza. Nikatazama jua. Tulikuwa na saa moja na nusu.

Bunge: Waheshimiwa, hoja iko mezani.

Mimi: Iko kwenye benchi. Meza hatuna.

Daktari: Mi hata sielewi tunajadili nini. Dereva, vuka barabara uje dukani, utoke na kisu sasa hivi. Stenlesi. Ukikisahau kwenye maji mwezi mzima unakikuta kinacheka.

Mimi: Kinamcheka aliyekinunua. Ukikinoa asubuhi, mchana hakikati nyanya.

Daktari: Spoku, hebu niambie kitu kimoja. Ulishaona daktari anampasua mtu kwa springi ya lori?

Kwa kweli hakuna aliyekuwa ameona. Abdulkadiri alicheka hadi akamwaga kahawa kidogo kwenye mkaa.

Mimi: Daktari akimaliza mmoja anachukua wembe mwingine. Dereva yuko porini, huo wembe mwingine atapewa na nani? Na swala si mgonjwa aliyeogeshwa. Manyoya yake yamejaa mchanga, na mchanga ndio unaomaliza makali, si nyama.

Antipasi: Hapo umesema.

Nikajisikia vizuri sana. Mimi ni mtu wa kupenda kushinda, sifichi, na Antipasi akikubaliana nami nilikuwa nanywa kahawa ya pili bila hata kiu.

Bunge: Naomba kuchangia. Mimi naunga mkono beringi. Beringi hii imezunguka Singida na Dar es Salaam mara ngapi? Chuma kilichozunguka hivyo hakiwezi kuchoka tena. Ukikifanya kisu, unakishika tu, mkono unazunguka wenyewe kwenye maungio ya mifupa.

Daktari: Na ukikiacha jikoni unakuta kimeshaondoka kwenda Dar.

Mimi: Beringi ni chuma kizuri, siwezi kusema uongo. Kinashika makali kuliko vyote hivi. Lakini ni kigumu kufua. Mzee wa watu macho hayaoni rangi ya moto sawasawa; akikipasha kupita kiasi kidogo tu, kinapasuka. Kisu cha mwisho, jamani.

Bunge: Basi ningependekeza reli. Kipande cha reli ya Manyoni, ile aliyoilaza Mjerumani. Nyama iliyochunwa kwa chuma cha reli haiozi mpaka Kigoma.

Daktari: Unataka treni ianguke kwa ajili ya digidigi?

Bunge: Nasema kipande. Kidogo. Pembeni.

Daktari: Kuoza mnakujua nyie? Nyama iliyokatwa na chuma chenye kutu ndiyo inayotia watu wazimu. Nimewaona wodini, wanaume wazima, wanaongea na kitanda.

Mimi: Ulikuwa unafagia.

Daktari: Mfagiaji ndiye anayeona kila kitu. Daktari anaangalia kidonda tu.

Abdulkadiri alijaza vikombe bila kuulizwa. Antipasi alikuwa ameshika lile bapa la springi mapajani, anafuta vumbi kwa kiganja, anafuta tena pale palipokwisha kuwa safi. Nililiona hilo. Lakini zamu ilikuwa imenifikia mimi, na zamu yangu siipitishi.

Mimi: Sasa sikilizeni mtu anayeshika chuma kila siku. Tupa. Maisha yake yote tupa imekula vyuma vingine, hakuna cha kuitisha. Usiifue hivyohivyo, ni ngumu mno, itakatika. Mughwai ataipasha iwe nyekundu, ataifukia kwenye majivu ya moto ilale mpaka kesho yake, ilegee. Hapo anaifua. Fupi! Kisu cha kuchunia hakizidi urefu wa kiganja, wenye visu virefu wanatoboa utumbo. Tumbo la kisu lipinde kidogo, ncha isichongoke. Kisha anakizamisha kwenye oili chafu, si kwenye maji, halafu anakirudisha motoni polepole hadi kiwe na rangi ya nyasi kavu. Mpini wa mpingo. Pembe inateleza ikiingia damu.

Bunge: Mheshimiwa ameongea kama ameua tembo.

Mimi: Ninajua ninachosema.

Nilijua kwa kusikia. Nilijua kwa Mughwai mwenyewe, aliyekaa kwenye benchi hili siku mbili akisubiri basi lililoharibika, na nikamuuliza maswali mpaka akachoka. Jambo ambalo sikuwahi kulisema kijiweni ni kwamba katika maisha yangu sijachuna mnyama. Nimenyonyoa kuku. Mbuzi wangu wa sikukuu wote wamechunwa na mtu wa bucha, mimi nikisimama mbali na kutoa maelekezo.

Antipasi: Mi nilikuwa nafikiria springi.

Akasema kwa sauti ndogo, na sisi tulikuwa tumezoea asiseme kitu, kwa hiyo tukamgeukia.

Antipasi: Hii ilivunjikia Sekenke. Nilikuwa na Melkizedeki, utingo wangu. Tumepakia pamba, tunapanda mlima, ikalia pwaa. Tukalifunga bapa kwa mipira ya tyubu na gogo, lori likakataa. Tulilala pale siku mbili. Siku ya pili nikampiga digidigi, Melkizedeki akashika, mimi nikachuna, tukala ini na chumvi ya betri... natania, chumvi tulikuwa nayo. Ile springi mpya ilipokuja, Melkizedeki akasema hii tusiitupe, siku moja tutafanya visu viwili, chako na changu. Ikakaa chini ya kiti miaka sita. Walipouza malori kwa vyuma chakavu mimi niliomba hii tu.

Wote tulimfahamu Melkizedeki. Walipunguzwa kazi siku moja, yeye akaenda Kahama kwenye dhahabu. Aliandika mara moja, kusema amefika.

Hapo mtu mwenye akili angemwambia, chukua springi, Dereva, panda basi. Mimi nililichukua lile bapa mkononi mwake, nikalinyanyua kwa kidole upande uliovunjika, nikaligonga kwa spana. Lilitoa sauti ya debe.

Mimi: Umesikia? Limekufa. Springi iliyovunjika imechoka mwili mzima. Ina nyufa ndani usizoziona. Mughwai akiizamisha kwenye oili itapasuka, utarudi mikono mitupu.

Daktari: Kwa leo nakubaliana na Spoku.

Bunge: Hoja ya springi imeanguka.

Antipasi hakubisha. Alilipokea akaliweka chini, miguuni, si juu ya benchi pamoja na mengine. Nilikuwa nimeshinda, na ulikuwa ushindi mbaya, nilihisi hivyo palepale nikiwa bado na spana mkononi.

Ndipo akafika mwalimu Hanifa akisukuma baiskeli. Alikuwa mgeni mjini, amehamishwa kutoka Ulemo hata mwezi haujaisha, na mwiba ulikuwa umeingia tairi la mbele.

Hanifa: Shikamooni wazee.

Tukaitikia marahaba. Nikampa kreti la soda akae, nikapindua baiskeli, nikaanza kuvua tairi. Bunge alimweleza shughuli yote tangu mwanzo, na Hanifa alisikiliza kwa adabu, mikono magotini, akiangalia kile chuma, kisha kile, kisha lile bapa lililokuwa chini.

Hanifa: Samahani. Baba yangu alikuwa na bucha kule Ulemo, kwa hiyo nauliza tu. Na mguu anashika nani?

Bunge: Mguu upi?

Hanifa: Wa mnyama. Mmoja anachuna, mwingine anashika mguu na kuvuta, ngozi ikae imekaza. Mimi nimeshika tangu darasa la tatu. Ngozi ikilegea, hata kisu kiwe cha namna gani, kitapita kwenye nyama.

Bunge: Atafunga kwenye mti.

Hanifa: Mti haumgeuzi mnyama, baba. Na njiani nani anabeba upande wa pili?

Antipasi: Alikuwa Melkizedeki.

Hanifa: Yuko wapi?

Antipasi: Kahama.

Hanifa: Haya. Na sasa hivi ni nani?

Aliuliza kama vile unavyomuuliza mtu saa ngapi. Hakuwa na ubaya wowote. Sisi sote tukaangalia ndani ya vikombe vyetu.

Miaka miwili, jamani. Tuliongea chuma cha kila nchi. Tuliongea mpini, tuliongea ala, tuliongea jiwe la kunolea la mtoni na la dukani. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza yule mtu anakwenda na nani. Alikuwa anakuja kila asubuhi na kile kisu chake kilichokwisha, anakiweka kwenye benchi, anasubiri, na sisi tulidhani anasubiri ushauri.

Daktari: Mimi duka haliwezi kukaa lenyewe. Unajua mwenyewe, Dereva.

Bunge: Na mimi mgongo huu. Daktari mwenyewe shahidi.

Hakuna aliyewauliza. Zamu ikawa yangu tena, na safari hii niliipitisha. Neno lilikuwa mdomoni. Ni neno dogo, mimi, lina silabi mbili. Lakini nikisema mimi nitakwenda, na porini Antipasi akisema shika hapa, Spoku, vuta, ataona mikono yangu haijui ianzie wapi. Fundi mkubwa wa visu wa Singida Mjini! Nikaona aibu ya kitu ambacho hakijatokea. Nikainama, nikapaka gundi kwenye tyubu ya mwalimu, nikaipuliza ikauke.

Mimi: Chukua tupa, Dereva.

Hiyo ndiyo sentensi niliyoipata.

Abdulkadiri aliinamisha birika juu ya kikombe cha Antipasi. Yakatoka matone matatu na mashapo.

Abdulkadiri: Kahawa imekwisha.

Basi la Kinyangiri likapiga honi stendi. Antipasi akainuka, akakung'uta suruali, akamshukuru Abdulkadiri, akamshukuru hata mwalimu. Tupa na beringi aliviacha kwenye benchi. Aliinama akaokota lile bapa la springi, akalitia kwenye mfuko wa sandarusi, akaenda nalo peke yake. Tulimwona akipanda. Hakukaa upande wetu wa dirisha.

Alirudi Jumamosi, kahawa ndiyo kwanza inachemka. Alikitoa kisu kwenye ala ya ngozi akakiweka katikati yetu, na mimi nikakichukua wa kwanza kama kawaida yangu. Kilikuwa na urefu wa kiganja. Tumbo limepinda kidogo. Mpini wa mpingo, misumari miwili ya shaba. Nilipitisha kwenye mkono, nywele zikaondoka bila kujua. Nikakigonga kwa ukucha, kikaita kwa sauti ndefu, safi.

Mimi: Hii ni springi ileile?

Antipasi: Ileile. Mughwai alikata upande uliovunjika, vidole vinne kutoka kwenye jeraha, akatupa. Upande wa pili amesema ulikuwa mzima. Amesema chuma hakichoki chote kwa pamoja.

Mimi: Nilikosea.

Daktari na Bunge waligeuka kunitazama, maana neno hilo benchi langu lilikuwa halijawahi kulisikia. Mimi mwenyewe nilishangaa lilivyotoka upesi, na lile jingine lisitoke.

Antipasi: Naye Mughwai aliniuliza kama yule mwalimu. Kabla hajawasha moto. Alisema hafui kisu cha kuchunia kwa mtu asiye na mwenzake, kitakuja kumkata. Akauliza, utachuna na nani?

Bunge: Ukamwambiaje?

Antipasi: Nikamwambia yupo.

Bunge akasema vizuri, Daktari akasema vizuri sana, wakaagiza kahawa. Hakuna aliyemuuliza ni nani huyo. Antipasi alikuwa anatazama mikono yangu, au kile kisu kilichokuwa mikononi mwangu, sikujua, na sikuinua uso nijue.

Antipasi: Spoku, nyumbani kwangu mvua inapenya. Nikuachie hapa bandani, wewe una oili?

Mimi: Niachie.

Kipo ukutani, juu ya mnyororo. Kila asubuhi nakishusha, nakifuta, nakipaka oili kwa kitambaa, narudisha. Sikikatii viraka, wala mtu hakigusi. Mwezi wa nane nilikwenda bucha ya sokoni nikamwambia yule kijana mchunaji nataka kujifunza kushika mguu; akadhani namtania, nikacheka naye, nikanunua nusu kilo nikaondoka. Wa tisa nilisema nitamwambia Dereva Jumatatu. Wa kumi mvua ilitishia.

Leo ni tarehe ishirini na tisa Novemba. Leseni yake inakwisha Desemba. Amekuja kabla ya wengine, ameketi pale pale mwisho wa benchi, ameacha nafasi ya mtu mmoja katikati yetu kama anavyoacha siku zote.

— Kisu hakijambo? ameuliza.

— Kikali, nimemjibu.

— Haya.

Tukatazama barabara, tukimsubiri Abdulkadiri na birika lake.